UZI: Kanisa la mtaa linazaliwa lini? Wazee wetu wa Kibaptisti hapa Dar wamegoma kukubaliana mwaka wa jubilei

KaraniMstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimetiwa kwenye kamati ya kuandika historia ya kanisa letu la Kibaptisti, huku upande wa Barabara ya Morogoro. Jina la kanisa naliacha, maana ugomvi bado mbichi na wazee wenyewe wana wajukuu humu jukwaani. Kazi ilitakiwa iwe nyepesi: kijitabu, picha chache, orodha ya wachungaji, siku ya jubilei watu wale pilau waende zao. Imekwama ukurasa wa kwanza kabisa, pale panapotakiwa kuandikwa "lilianzishwa mwaka...".

Kambi ziko nne. Wa kwanza wanahesabu tangu watu walipoanza kusali sebuleni kwa mama mmoja, kabla hata hapajajulikana kama ni kanisa. Wa pili wanahesabu tangu kanisa mama lilipotutangaza kuwa kanisa kamili, si tawi tena. Wa tatu wanataka tarehe iliyoko kwenye makaratasi ya serikali. Wa nne, na hawa ndio wenye kelele kwa sababu wengi wao walichanga, wanataka mwaka jengo lilipoezekwa. Kati ya kambi ya kwanza na ya nne kuna zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo wengine wanataka jubilei mwakani na wengine wanasema ilishapita tukiwa tumelala.

Nina upande wangu na nitausema, lakini lazima nianzie mbali. Mwenye haraka apite.

Wabaptisti walianzia Amsterdam mwaka 1609. Walikuwa Waingereza waliokimbia nchi yao, kiongozi wao John Smyth, aliyewahi kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Mwenzake Thomas Helwys akarudi London mwaka 1612, akaanzisha kanisa pale Spitalfields, akamwandikia Mfalme James waziwazi kwamba mfalme naye ni mwanadamu, hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Akatiwa ndani Newgate. Kufikia 1616 alikuwa ameshafariki. Sisi tuliokulia kwenye "serikali haina dini, watu wake ndio wana dini" tunalisikia jambo hilo kama la kawaida tu, hadi Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalizungumzia. Wakati ule lilikuwa la kufia.

Kutokana na hapo ndipo yalipotoka mambo mawili ambayo bila kuyashika hutaielewa historia ya kanisa lolote la Kibaptisti, liwe la Manzese au la Texas. Moja, hatubatizi watoto wachanga. Anabatizwa aliyeamini mwenyewe, na anazamishwa mzima mzima. Mbili, kanisa la mtaa linajitawala. Mchungaji haletwi na askofu wala mtu kutoka makao makuu. Washirika wanakaa kwenye mkutano wa kanisa, wanajadili, wanapiga kura, wanamwita. Na wakimchoka, mkutano ni huohuo.

Hapa Tanganyika tulichelewa. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walifungua kazi mwaka 1956, na baadhi ya wamisionari wao wa kwanza walihamishiwa huku kutoka Nigeria, ambako walikuwa wamekaa tangu 1850. Mmoja wao, Winfred Harper, waliyezoea kumwita Wimpy, alikufa maji katika Bahari ya Hindi mwaka 1958. Piga picha Dar waliyoikuta: sensa ya 1957 inaipa watu kama 129,000 hivi. Mbele ya bahari pameshashikwa. Mtakatifu Joseph ya Wakatoliki na Azania Front ya Walutheri zimesimama tangu enzi ya Mjerumani. Misikiti ina mizizi mirefu kuliko wote hao. Mgeni wa 1956 angekwenda wapi? Akaenda walikokuwa wanakwenda wageni wenzake, yaani vitongoji vya Waafrika vilivyokuwa vinapanuka miaka ileile, Magomeni, Ilala na Temeke. Na njia yao haikuwa mahubiri peke yake. Kulikuwa na madarasa ya jioni ya Kiingereza, kuchapa kwa taipu, kushona. Wapo waliokwenda kutafuta cheti cha taipu wakatoka na ubatizo, na wapo waliochukua cheti wakashukuru wakaondoka.

Mwaka 1962 seminari ikafunguliwa Arusha, ile iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mount Meru. Mwaka 1971 makanisa yakaunda umoja wa kitaifa, ule tunaouita Konvensheni.

Sasa nirudi kwenye ugomvi. Msimamo wangu: mwaka wa kuzaliwa ni ule ambao watu wenyewe walikaa, wakaahidiana, wakapiga kura kuwa kanisa. Sebule ilikuwa ibada, haikuwa kanisa. Karatasi ni za serikali. Jengo ni mali. Ukinipinga nipinge kwa hoja, si kwa kuniambia babu yako ndiye aliyebeba mabati.

Karibuni.

---

Jongwe

Naweka kambi hapa.

Ila mkuu umeruka kitu kwa makusudi. Hao "Wabaptisti wa Kusini" kwa nini wanaitwa wa Kusini? Mbona hilo haliingii kwenye vijitabu vya jubilei?

---

KaraniMstaafu

Jongwe, sijaruka, nilijua mtaniuliza.

Walijitenga na wenzao mwaka 1845, katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia. Kisa kikubwa kilikuwa kama mtu mwenye watumwa anaweza kuteuliwa kuwa mmisionari. Kaskazini wakasema hapana, Kusini wakaunda chama chao. Imewachukua mpaka 1995, mwaka wa 150 wao, kupitisha azimio la kutubu hadharani kuhusu utumwa na ubaguzi. Mimi nataka liingie kwenye kijitabu chetu. Mjumbe mmoja wa kamati anasema litawavunja moyo vijana. Nadhani vijana watavunjika moyo zaidi wakilisoma kwenye simu zao wakati sisi tumelinyamazia.

Lakini usiishie hapo. Kabla hata William Carey hajatoka Uingereza kwenda India mwaka 1793, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa, George Liele, alikuwa ameshafika Jamaica tangu 1783 na kuanza kuhubiri huko kama Mbaptisti. Na Martin Luther King ambaye kila mtu anamtaja kama mwanaharakati alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Ukoo wetu una pande zote mbili. Historia inayotaja mmisionari peke yake imebeba upande mmoja.

---

Mtaa wa Saba

Hamna askofu? Mbona siku hizi nasikia "Baba Askofu" kwenye makanisa yenu? 😂

---

KaraniMstaafu

Unasikia sawasawa. Cheo kimeingia, wengine wanakipenda, wengine wanakitazama kwa jicho la pembeni. Wanaokitetea wanasema ukienda ofisi ya serikali ukajitambulisha "katibu wa mkutano wa washirika" unaambiwa kaa hapo kwenye benchi, lakini Askofu anafunguliwa mlango. Si uongo. Mimi ni wa benchi, lakini huo ni uzi mwingine.

---

BintiKyela

Shikamoo mzee Karani.

Naomba niongeze kitu ambacho wanaume wa kamati huwa wanakisahau. Kwenye kanisa letu (mimi ni wa Temeke) tulipotaka historia tulianza na orodha ya wachungaji kama ninyi. Ikatoka kurasa mbili kavu, haina mtu ndani. Mama mmoja akauliza, "Barua ziko wapi?" Barua gani? Barua za kuhama ushirika!

Mbaptisti akihama anapewa barua na kanisa lake aende nayo kanisa jipya. Tulikuta boksi zima, limefungwa kwa kamba ya katani juu ya kabati la ofisi. Tukapanga barua kwa mahali zilikotoka. Tukuyu. Kyela. Mbeya mjini. Kigoma. Tena Kyela. Hapo ndipo ukaona kanisa limejengwa na nani: watu wa bara waliokuja Dar kutafuta kazi, mwanamume kaja kwanza, mke kafuata baadaye na barua yake mwenyewe. Na barua nyingi za miaka ya mwanzo zilikuwa za wanawake! Wanaume walikuja bila barua wakasema "nitaitumiwa". Hawajatumiwa mpaka leo.

Kwa hiyo mzee wangu, mimi sikubaliani nawe kabisa kuhusu sebule. Kule sebuleni nani alikuwa anatoa uji, anatandika mikeka, anapokea wageni wa kutoka bara wasio na pa kulala? Ukianza hesabu siku ya kura, umeanza siku ambayo wanaume walishika kalamu.

---

Sauti ya Tatu

BintiKyela umemaliza. Nafunga zipu.

(Halafu kuna watu wanaandika historia ya kanisa bila kwaya. Kwaya yetu ilirekodi kaseti, zikauzwa mpaka zikafika bara, watu wakaja Dar wakitafuta "kanisa la ile kwaya". Kwenye kijitabu tukapewa mstari mmoja: "Kwaya nayo imechangia." Imechangia!)

---

Mha Halisi

Mnasema Tukuyu na Kyela, msisahau Kigoma. Kwetu mtu anaweza kuwa na habari za Ubaptisti kutoka ng'ambo ya mpaka kabla ya kumwona Mmarekani. Wabaptisti wa Denmaki waliingia Burundi mwaka 1928, na Waha tumekuwa tukienda na kurudi upande ule siku zote kwa ndugu na kwa biashara. Kwa hiyo mzee akikwambia "mimi nilikuwa Mbaptisti kabla ya wamisionari", usimcheke. Muulize kwao wapi.

---

Wakili wa Kijiweni

Wakuu, nimeona kambi ya tatu, ya makaratasi. Niwasaidie wasipotee.

Karatasi si moja. Kuna usajili kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337. Huo mara nyingi ni wa chombo cha kitaifa, kanisa la mtaa linakaa chini ya mwavuli huo. Kwa hiyo tarehe ya cheti inaweza isihusiane kabisa na siku mlipoanza. Pili kuna bodi ya wadhamini, Sura ya 318, hiyo iko RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kabla ya RITA kuanza mwaka 2006 mambo hayo yalikuwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kwa hiyo mkikuta barua yenye jina hilo msiitupe mkidhani ni ya mirathi ya mtu. Bodi ndiyo inayomiliki kiwanja, kwa sababu kisheria washirika mia tatu hawawezi kuandikwa wote kwenye hati.

Tatu ni hati yenyewe ya kiwanja, na hapa ndipo watu wa Dar wanapochanganyikiwa. Kanisa halijasogea hata hatua moja, lakini anwani yake imehama. Mkiwa Manzese au Kimara, makaratasi ya zamani yatasema Jiji la Dar es Salaam, halafu kuanzia 2000 yatasema Manispaa ya Kinondoni, halafu baada ya 2015 Ubungo ikamegwa. Mtu asiyejua atadhani ni viwanja vitatu. Nimeona watu wanagombana kwa hilo tu.

Kama mko upande wa Sinza au Kijitonyama mna bahati, kule vilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja wa Benki ya Dunia, kuna ramani. Manzese yenyewe ilikuwa ya kurasimishwa, watu walishajenga. Huko kanisa la kwanza huwa limenunuliwa kwa mtu, kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili, mmoja balozi wa nyumba kumi. Itafuteni hiyo karatasi. Ni dhaifu mahakamani lakini kwa historia ni dhahabu, maana ina tarehe, ina majina, na ina bei.

---

KaraniMstaafu

Wakili, asante sana. Ya mkono ipo. Bei iliyoandikwa, leo hununui nayo hata soda.

BintiKyela, mwanangu, marahaba. Umenibana. Naendelea kusema kura ndiyo siku ya kanisa, lakini sebule itapewa sura yake nzima, si aya. Na yule mama yupo hai, ana kumbukumbu kuliko kamati nzima.

Hapo ndipo penye kazi kubwa ambayo nilitaka kuieleza, huenda ikasaidia makanisa mengine. Wazee hawakumbuki miaka. Ukimuuliza bibi "ilikuwa mwaka gani" anakupa mwaka wowote ili umwache apumzike. Muulize ilikuwa kabla au baada ya nini. Kabla ya Azimio la Arusha? Wakati wa vita vya Iddi Amin? Wakati wa nguvukazi, vijana wanakamatwa kurudishwa vijijini? (Hiyo ni 1983, na kanisa letu lilipoteza nusu ya kwaya kwa muda.) Mwaka meli ya MV Bukoba ilipozama? Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani? Mtu anaweza kusahau mwaka aliobatizwa lakini hasahau kwamba sukari ilikuwa ya foleni na chai ya sherehe ilinywewa kavu.

Kwa jengo pia. Kiwanda cha Wazo Hill kimekuwepo tangu 1966, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 80 saruji ilikuwa haishikiki. Kuta zetu zilikaa kifuani miaka mingi, nyasi zikaota ndani, mbuzi wa jirani wakawa washirika. Ndiyo maana wale wa kambi ya nne wanalilia sana jengo. Siwalaumu. Anayesema "jengo ni mali tu" hajawahi kubeba mfuko wa saruji kichwani kutoka barabarani.

Tatizo letu lililobaki ni moja. Daftari la mihtasari la mwanzo lina mkutano wa kuunda kanisa, na linasema mkutano ulifanyika "Jumapili iliyofuata ubatizo wa kwanza". Tarehe ya ubatizo iko kwenye daftari la ubatizo, lakini maji yameingia, mwezi unasomeka, siku haisomeki. Ni Jumapili mojawapo kati ya mbili, ya kwanza ya mwezi au ya pili. Waliobatizwa siku hiyo ambao bado wapo ni yule mama na mzee mwingine anayesikia kwa shida.

---

Mswahili wa Pwani

Assalaam alaykum jamaa. Mimi si wa kanisani, ni Mwislamu wa Msasani, lakini uzi umenikamata.

Karani, ubatizo wenyewe ulikuwa wapi? Baharini?

---

KaraniMstaafu

Waalaykum salaam ndugu yangu. Ndiyo, baharini, upande wa Oysterbay. Birika la kubatizia ndani ya kanisa limekuja juzi juzi. Zamani watu walipanda lori asubuhi na nyimbo zao, wakashuka ufukweni.

---

Mswahili wa Pwani

Nawakumbuka. Tulikuwa watoto, tunakaa juu ya miamba tunawatazama wameingia na kanzu nyeupe.

Sasa sikiliza. Bahari yetu ina saa zake. Wakati wa bamvu, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Ukienda kubatiza saa hiyo utatembea juu ya miamba na mwani mpaka uchoke, na maji bado magotini. Wakati wa maji mafu, siku ya saba, nane, au ishirini na mbili, ishirini na tatu tangu mwezi kuandama, mambo yanageuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa, yametulia, yako karibu. Wiki moja tu inatosha kugeuza bamvu kuwa mafu.

Muulize huyo mama swali moja. Siku ile maji yalikuwa karibu au mlitembea?

---

Jongwe

Wallahi JamiiForums ni chuo.

---

BintiKyela

Hili swali mwanaume wa kamati asingelifikiria mpaka Yesu arudi 😂

---

Sauti ya Tatu

Mzee Karani usiende kulala, piga simu sasa hivi.

---

KaraniMstaafu

Nimempigia. Amecheka kwanza. Kasema hawakutembea kabisa, maji yalikuwa yameshika mchanga wa juu pale walipoweka viatu, na shemasi alikuwa anawahimiza wasogeze nguo kavu zisilowe. Ilikuwa asubuhi, baada ya chai, ingawa wale waliobatizwa walikuwa wamefunga.

Nikamuuliza mara mbili kwa maneno tofauti, jibu lilelile. Halafu akaniuliza mimi kwa nini nauliza habari za maji badala ya habari za wokovu.

---

Mswahili wa Pwani

Basi ni maji mafu. Nitumie mwezi na mwaka, na tarehe za Jumapili zote mbili. Marehemu mzee wangu alikuwa anaweka kalenda za ukutani zenye tarehe za Hijria pembeni, hakuwahi kutupa hata moja. Za miaka ya sitini na sabini zipo, ziko juu ya dari kwenye sanduku la bati. Nitapanda kesho baada ya Alasiri.

---

Wakili wa Kijiweni

Karani, akikupa jibu, piga picha ukurasa wa kalenda na ukurasa wa daftari uviweke pamoja. Na hilo daftari lenye maji msilipeleke kwa mtu wa fotokopi alikandamize, litapasuka. Simu inatosha, kivulini, bila flashi.

---

KaraniMstaafu

Sawa Wakili. Mswahili wa Pwani, nimekutumia inbox.